Shikamoo Paka

Jamani, leo nina swali, na naomba usinicheke kabla hujanisikiliza hadi mwisho. Hivi paka huamkiwa?

Sizungumzii paka wa jirani anayekuibia dagaa. Nazungumzia paka mwenye kimo cha mtu mzima, rangi ya chungwa, anayetembea kwa miguu miwili, amevaa koti refu la kijani na miwani puani. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu na hunisalimia kila anaponiona. Mimi nimezaliwa Tanga, nikalelewa Tanga, na tangu sijang'oa meno ya utoto nimeambiwa kwamba mtoto anayempita mkubwa bila kumwamkia hana tofauti na mbuzi. Sasa paka huyu ni mkubwa wangu au mdogo wangu? Ni mjomba, shangazi, kaka, dada? Nitajuaje?

Ngoja nianze mwanzo, usije ukadhani nimeanza kuvuta vitu.

Oktoba 2021 kampuni ya Facebook ilibadili jina ikajiita Meta, na kwa miezi kadhaa dunia nzima ikahubiriwa kwamba karibuni sote tutahamia kuishi ndani ya kompyuta. Baadaye mahubiri yakapoa. Lakini mhariri wangu ni mtu asiyesahau deni wala habari. Mwaka jana akaniita mezani kwake. "Wewe kijana wa mitandao," akasema, "hebu kaangalie. Hao waliosema watahamia huko, wamehama au hawajahama?"

Nikaenda kuangalia. Kumbe wapo waliohama zamani, wakati mimi bado nacheza kombolela. Dunia yao inaitwa Second Life, yaani Maisha ya Pili. Ilifunguliwa Juni 2003 na Linden Lab, kampuni ya San Francisco, Marekani, iliyoanzishwa na Philip Rosedale. Usidhani ni mchezo wa kupigana au wa mbio za magari. Hakuna pointi, hakuna adui, hakuna bingwa. Unapewa mwili, unapewa uwezo wa kuruka angani, halafu unaachwa. Ukiuliza "sasa nifanye nini?" unajibiwa "kwani unataka kufanya nini?" Swali gumu sana hilo kwa mtu aliyezoea kutumwa na mhariri.

Karibu kila unachokiona humo, nyumba, miti, viatu, farasi, kimetengenezwa na wakazi wenyewe. Ardhi imegawanywa katika miraba, kila mmoja mita 256 kwa mita 256, na ardhi hulipiwa. Wana fedha yao, Linden dola, na kama 250 hivi ni sawa na dola 1 ya Marekani. Usipolipa kodi hawaji mgambo na nyundo. Vitu vyako vinarudishwa tu kwenye mkoba wako, na pale palipokuwa na baraza na bustani panabaki nyasi tupu. Hakuna hata kifusi.

Sisi wa habari tulishafika huko siku nyingi. Mei 2006 jarida la BusinessWeek lilimweka kwenye jalada Anshe Chung, ambaye nje ya kompyuta ni Ailin Graef, mama aliyekuwa akinunua na kuuza ardhi hiyo isiyo na udongo. Oktoba mwaka huohuo shirika la Reuters likafungua ofisi humo ndani, na mwandishi wake Adam Pasick akawa anaitwa Adam Reuters. Fikiria, mwandishi wa kituo, na kituo chenyewe hakimo katika ramani yoyote! Mei 2007 Maldivi wakafungua ubalozi, na siku chache baadaye Sweden wakafungua wa kwao, ingawa haukuwa ukitoa viza wala pasipoti. Kisha wageni wakachoka. Ofisi ya Reuters ikafungwa, ubalozi wa Sweden ukafungwa, magazeti yakaenda kutafuta maajabu mengine. Wenyeji wakabaki.

Hayo ndiyo niliyoyaandika gazetini. Makala iliisha kwa siku nne. Mimi sijatoka mpaka leo.

Siku ya kwanza nilizaliwa wingu. Sifanyi ushairi hapa. Intaneti ikisuasua, na bando langu la usiku linasuasua kweli, mwili wako huchelewa kufika, na wenzako wanakuona kama moshi unaoelea. Kisha likaja umbo la kijivu, kisha nguo, mwisho nywele. Nikaenda kuchukua shati kwenye duka la vitu vya bure (ndiyo, yapo, na Mswahili ni Mswahili tu popote aendapo). Shati likaja ndani ya boksi. Mimi na haraka zangu nikabonyeza "vaa." Nikavaa boksi. Nikakatiza sokoni kifua wazi, boksi kubwa limenganda mkononi, najiona nimependeza. Mama mmoja mwenye mabawa akaniandikia pembeni, bila kunidhalilisha mbele za watu: "Mpenzi, boksi hufunguliwa kwanza."

Kesho yake nikajaribu nywele. Wenye maduka hutoa sampuli za kujaribu bila malipo, ila sampuli huja na kibao kinachoelea juu ya kichwa chako, kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii ni sampuli. Nilizunguka nacho siku mbili. Nilipomsimulia rafiki yangu wa ofisini akasema afadhali huko, maana hapa mjini wapo watu kibao wanaoishi maisha ya sampuli, ila kibao hawajawekewa.

Ngozi nayo ilikuwa kazi. Rangi yangu niliikuta kwenye rafu ya kahawa, karameli na chokoleti, utafikiri naagiza kinywaji hotelini. Na kanga sikuiona kabisa. Basi nikaipiga picha ile kanga ya mama niliyokuja nayo mjini, nikaipandisha humo kwa Linden dola 10, nikaitundika ukutani kwenye kibanda nilichopanga. Imeandikwa WEMA HAUOZI. Majirani wakija hunitaka niwatafsirie, nikishatafsiri hucheka, maana huko hakuna kinachooza. Embe ukiliweka mezani leo, ukirudi baada ya miaka kumi utalikuta jekundu vilevile, ilimradi meza imelipiwa kodi.

Nimetembea sana humo, na kuna jambo moja linanichekesha kila siku. Watu wale wanaruka kama kunguru, lakini nyumba zao zina ngazi. Mvua haiwalowanishi, lakini wanaezeka. Hawali, lakini jikoni kuna sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Hawaendi haja, lakini choo kipo, tena na taulo mbili, moja ya mgeni. Unaweza kuingia baharini ukatembea chini ya maji mpaka ng'ambo bila kukata pumzi, na bado kuna mtu amejenga gati na kufunga boti kwa kamba. Nilidhani nikiwapa watu dunia wasiyohitaji chochote wataishi kama malaika. Wapi! Wamejenga baraza, wamekaa, wanalalamikia kodi ya nyumba.

Majina nayo. Zamani ukijiunga ulikuwa unachagua jina la ukoo kutoka kwenye orodha. Mwaka 2010 utaratibu huo ukasimamishwa, na tuliokuja baadaye sote tukapewa jina moja la ukoo, Resident, yaani Mkazi. Tangu 2020 ukitaka jina zuri zaidi unaweza kulinunua. Mimi sijanunua. Mimi ni wa ukoo wa Mkazi, ukoo mkubwa kuliko wowote niliowahi kuusikia, na mpaka sasa hatujawahi kugombania shamba la urithi.

Lakini kilichonivuruga zaidi ni saa. Kwa kawaida ya huko siku nzima ina saa 4 tu: saa 3 za mchana, saa 1 ya usiku, kisha kunapambazuka tena. Yaani wakati sisi tunapata alfajiri moja, wao wamepata sita. Sasa sisi Waswahili tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza tufanyeje? Saa moja asubuhi inakuja mara sita! Tena saa rasmi ya huko ni ya California, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea majira. Na juu ya hayo, kila mtu anaweza kulisimamisha jua kwenye kompyuta yake mwenyewe. Nimewahi kusimama na mtu tunazungumza, kwangu usiku wa manane, kwake jua la utosi, na sote wawili tuko sahihi. Wazee wa baraza la kahawa kule nyumbani wakipewa uwezo huu, ubishi utakufa siku ileile na kahawa itakosa wanywaji.

Ndipo likaja hili suala la shikamoo.

Tatizo la huko ni kwamba wazee hawapo. Kila mtu ana miaka 25, mrefu, kiuno chembamba. Mvi anazo aliyezinunua. Wasio watu ni majoka, mbweha, roboti na, kwa upande wa jirani yangu, paka. Utamwamkia nani? Ukimwamkia kila mtu utaonekana mshamba, usipomwamkia yeyote utalala na dhambi. Nikatafuta kanuni. Kila mkazi ana maelezo yake yanayosomeka na wote, na humo kuna tarehe aliyojiunga, ambayo wenyewe huihesabu kama siku ya kuzaliwa na huifanyia sherehe. Nikasoma maelezo ya paka. Amezaliwa 2006. Mimi siku hiyo nilikuwa na siku tisa. Basi, hesabu imekwisha, huyu ni mkubwa wangu. Nikamwandikia: "Shikamoo."

Mtu akiwa anaandika, mwili wake humo huinua mikono na kuchapa hewani, unasikia na kelele za vibonye. Mikono ya paka ikachapa. "Hiyo lugha gani?" (Tunaongea Kiingereza, mimi nakutafsiria.) Nikamweleza ni Kiswahili, na kwamba wazee wetu husema asili yake ni kumshika mkubwa miguu kwa heshima. Paka akainama akatazama miguu yake. Akaandika: "Leo ninayo miwili tu. Chagua mmoja."

Nikamfundisha kujibu marahaba. Tangu siku hiyo hajawahi kukosa, ingawa huiandika kwa b mbili. Na hapa nikamshukuru aliyekiumba Kiswahili, maana "yeye" ni yeye tu. Kwa miezi minne nilimsimulia paka huyu ofisini bila kulazimika kujua ni mwanamume au mwanamke. Nilimwita Mzee Paka, na yeye akalipenda.

Uani kwa Mzee Paka kulikuwa na sungura kumi na mmoja. Wazuri, wa rangi mbalimbali, na hakuna aliyekuwa akicheza. Wamejikunyata kwenye nyasi, macho yamefumbwa. Nikadhani ni sanamu. Siku moja nikauliza, nikapewa historia. Kulikuwa na kampuni ikiitwa Ozimals, iliyouza sungura wa humo ndani. Sungura hao walikuwa wakizaana, wakirithishana rangi za manyoya na macho, na wakila. Chakula chao kilinunuliwa, na kila walipokula ilibidi seva ya kampuni ithibitishe. Watu walifuga, wakauziana, wakawapa majina. Mei 2017 kampuni ikafungwa na seva ikazimwa. Sungura waliokuwa wamenunuliwa kifaa cha kuishi bila kula waliendelea kurukaruka. Waliobaki wakapata njaa, na baada ya siku chache wakaingia usingizini. Chakula kimejaa kwenye vyombo, lakini hakuna tena wa kuthibitisha kwamba wamekula.

"Wamelala tangu 2017?" nikauliza.

"Tangu 2017."

"Mbona huwaondoi?" Swali langu lilikuwa la mtu mwenye akili ya mjini. Kila kipande cha ardhi humo kina kiwango cha vitu kinachoweza kubeba, na sungura kumi na mmoja wanakula nafasi ambayo ungeweka hata gari.

Mikono ikachapa. "Nafasi ipo," akaandika. Mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa, yaani hali ya hewa ya kweli.

Sasa naomba nitoke humo kidogo nikupeleke Tanga, halafu turudi.

Baba yangu alikuwa fundi redio pale Ngamiani. Amefariki, huu unakwenda mwezi wa kumi na nne. Aliacha benchi lake la kazi, bisibisi, redio saba za watu kwenye shelfu, na simu yake ya kitochi. Baba hakuwa mtu wa kuandika majina ya wateja. Redio aliijua kwa mlio wake, kama mfugaji anavyojua mbuzi zake. Wateja nao walichokuwa nacho ni namba yake ya simu, aliyoiandika kwa rangi mlangoni. Tulipomaliza matanga mama akasema laini ile isifungwe, kwa sababu watu watapiga kuulizia mali zao. Kweli wakapiga. Moja moja redio zikaondoka, nyingine mama alizitoa bila kudai hata ufundi. Ikabaki moja, ndogo, nyekundu, antena imefungwa kwa waya. Mwenyewe hajapiga.

Laini isipotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Kwa hiyo kila mwezi mama akawa anaweka vocha ya buku kwenye kitochi, anapiga kwenye simu yake mwenyewe, anapokea, anakata. Mwaka huu goti likaanza kumsumbua, kutoka mpaka dukani ikawa safari. Akaniomba niwe namwekea hiyo buku kutoka huku Dar. Nikamwambia nitaweka.

Sikuweka. Mwezi wa kwanza nilisahau. Mwezi wa pili, niseme ukweli maana hapa ni kwangu, sikusahau. Alipokumbusha nilimwambia, "Mama, redio yenyewe hata kuuza haiuziki. Laini ya mtu aliyekufa ya nini? Unatupa hela." Mama hakubishana. Alisema tu, "Haya." Wewe ambaye mama yako ni wa pwani unaijua haya ile. Maana yake mazungumzo yamekwisha, na mwenye kosa ni wewe.

Wiki hiyohiyo nililipa kodi ya kibanda changu cha hewani, Linden dola 250, bei ya sahani ya chipsi kavu, na sikuchelewa hata saa moja.

Haya, turudi.

Usiku mmoja wa Ijumaa niliingia kama kawaida, saa tano hivi. Nikamkuta Mzee Paka kibarazani. "Shikamoo," nikaandika. Kimya. Kichwa chake kilikuwa kimeinama. Mtu akiiacha kompyuta yake bila kutoka, mwili wake humo huinamisha kichwa kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. Ni jambo la kawaida kabisa, hata mwanaanthropolojia Tom Boellstorff, aliyefanya utafiti humo kwa zaidi ya miaka 2 na kutoa kitabu cha Coming of Age in Second Life mwaka 2008, ameliandika hilo la mtu kuwapo na kutokuwapo kwa wakati mmoja. Mara nyingi maana yake ni chai. Nikakaa kusubiri. Zikapita dakika kumi. Jua likazama, sungura wakawa vivuli. Zikapita ishirini. Nikashikwa na wasiwasi, halafu nikaona kwamba sina pa kuupeleka. Simjui jina, simjui mji, sina namba ya jirani yake. Kama ameanguka jikoni kwake, mimi ninayemtazama ndiye mtu wa mwisho duniani anayeweza kumsaidia.

Kichwa kikainuka. Mikono ikapanda ikaanza kuchapa. Ikachapa, ikashuka bila neno kuja. Ikapanda tena. Nilijua kuna mtu upande wa pili anaandika na kufuta.

"Leo ni miaka mitatu," yakaja maneno.

"Ya nini?"

"Aliyezaliwa 2006 si mimi. Ni mume wangu. Mimi nina miaka 74, niko Uingereza, na alipokuwa hai niliona haya yote ni mbinu ya mzee mzima ya kukwepa kuosha vyombo."

Akanisimulia polepole. Mume alipojua haponi alimwandikia nywila kwenye karatasi, akaiweka ndani ya kopo la majani ya chai. Mwezi mzima hakuigusa. Kisha akaingia, kwa nia ya kufunga kila kitu ili asiendelee kulipa. Hakujua hata kutembea, akawa anagongana na ukuta. Akawaona sungura. Wakati ule walikuwa wamekwisha kulala miaka kadhaa, na mume hakuwaondoa. Akiwa amesimama anatafuta pa kubonyeza ili afute, akapita mtu akamsalimia paka kwa jina, akamwambia, "Umepotea sana, tulikuwa na wasiwasi." Akashindwa kumjibu kwamba mimi si yeye. Akamjibu kwamba alikuwa mgonjwa kidogo. Mwezi ukaisha, akalipa kodi.

Hesabu yangu yote ya ukubwa ikaporomoka. Ina maana miezi minne nilikuwa namwamkia marehemu, tena marehemu ambaye sikuwahi kukutana naye. Nikamwomba radhi.

"Ya nini?" akaandika. "Nimekuwa nikimpokelea."

Nikasoma sentensi ile mara tatu. Kisha nikauliza swali la kiandishi, maana ugonjwa huu hauponi. "Unaamini sungura wataamka siku moja?"

"Hapana. Mimi si mjinga."

"Sasa mbona unawalipia?"

"Kwa sababu mwezi huu ninaweza. Mwezi nitakaoshindwa, nitashindwa."

Nikamtakia usiku mwema, ingawa kwake lilikuwa jua la jioni, alilisimamisha hapo kwa sababu mume alilipenda. Nikachukua simu yangu nikatuma buku kwenye namba iliyoandikwa "Baba." Ujumbe ukaja kwamba muamala umekamilika. Lakini mimi naijua mitandao ya simu, ujumbe si ushahidi. Miezi miwili ilikuwa imepita, na wa tatu ulikuwa umeshaanza. Kama laini imefungwa, imefungwa kwa sababu ya buku mbili zangu. Kupiga usiku ule nisingeweza, simu ya usiku wa manane kwa mzee ni msiba. Nikalala macho. Nikaiacha kompyuta inawaka, na humo ndani jua likachomoza mara mbili kabla la Dar es Salaam halijachomoza hata mara moja.

Saa kumi na mbili asubuhi, mama akiwa ameshaswali, nikapiga. Nilikuwa namsubiri yule dada wa kwenye simu aniambie kwamba namba haipatikani. Ikaita. Ikaita tena. Nikahesabu mpaka saba. Ikapokewa, nikasikia mtu anahema.

"Haloo! Fundi hayupo, lakini redio yako ipo. Ile nyekundu, sivyo?"

Sikuweza kusema kitu.

"Haloo? Usikate, baba, redio ipo, nzima."

"Shikamoo, mama."

Kimya. Kisha, "We! Kumbe ni wewe? Sina miwani hapa. Marahaba. Sasa unapiga namba hii ya nini? Nimekimbia na goti langu hili nikidhani ni mwenye redio."

"Nilitaka kujua kama inaita."

"Inaita," akasema. "Vocha nilimwagiza mtoto wa jirani, mwezi ule na mwezi huu. Ulidhani nakungoja wewe?" Akanyamaza kidogo. "Ila na hiyo yako ya jana nimesikia imelia. Ahsante. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula.

Kwa hiyo nimelirudia lile swali langu, na jibu nimelipata. Paka huamkiwa. Kama heshima ni yake, ataipokea mwenyewe. Kama si yake, basi mara nyingi yupo mtu kimya kimya anampokelea mwenzake, na huenda hana mwingine wa kumwambia shikamoo siku hiyo. Mzee Paka sasa namwita Mama Paka. Bado anaandika marahaba kwa b mbili.

Na wewe unayesoma, kama ni wa Tanga, au una ndugu Tanga, muulize. Kama kuna mtu aliacha redio ndogo nyekundu, antena imefungwa kwa waya, kwa fundi mmoja Ngamiani, mwambie imetengenezwa na namba ni ileile, bado iko mlangoni. Apige. Ila akipiga asubiri iite mpaka mwisho, mama ana goti.